Hukumu ya Kipipa cha Kwanza

Leith, 3 Machi

Mheshimiwa Mwenyekiti, Torquil Darroch, Mchungaji Munro, Mwalimu Mkuu, Nahodha wa feri yetu, ikiwa upepo umemruhusu kuwapo, wazee mlioketi viti vya mbele, na ninyi nyote wanaushirika wa kiwanda cha wiski cha Sorasa, mlioketi na mliosimama karibu na mlango ili muwahi kutoka:

Nawasalimu. Mnanisikia kwa sauti ya mwingine, na huenda ni afadhali.

Mnaijua katiba yenu. Marehemu kaka yangu Ranald aliweka sharti kwamba kipipa cha kwanza kitakapotimiza miaka mitatu ndani ya mbao za mwaloni, yaani siku ambayo sheria inakiruhusu kuitwa wiski, pua yangu ndiyo itakayoamua. Nikikubali, kitatiwa chupani kwa jina la kisiwa. Nikikataa, mapipa yote yatauzwa kwa yule mfanyabiashara wa Glasgow, ayachanganye na ya wengine ishirini, na jina la Sorasa lizame humo lisionekane tena. Najua kwamba mkiuza, mtungi wa shaba mnaochemshia pombe utapoa, na wale waliorudi kisiwani kwa ajili ya kazi watafunga mizigo. Sikuliendea jambo hili kwa wepesi.

Sampuli mliyonitumia ilifika salama. Niliifungua asubuhi, kabla ya chai, mikono ikiwa imeoshwa kwa maji matupu, kama nilivyofanya miaka yote niliyolipwa kunusa. Rangi yake ni ya nyasi kavu zilizonyeshewa. Puani, kwanza, kuna pea ambalo halijaiva, kisha uji wa shayiri, kisha kamba yenye unyevu. Na nyuma kabisa moshi wa mboji, ule udongo mnaouchoma kukaushia shayiri, hafifu, kama uliobaki katika koti la mtu aliyepita. Nilipoongeza maji, utamu ulijitokeza. Kinywani ina chumvi kidogo na ukali wa ujana usioudhi. Inamalizika upesi, inaondoka kama mgeni ambaye hakuvua koti.

Sikuona kosa ndani yake. Haina sabuni, haina kibiriti, haina mpira ulioungua. Kazi imefanywa kwa usafi, na ningekuwa bado mwajiriwa ningeandika neno moja, "inafaa", nikachukua bilauri inayofuata.

Lakini mimi nilikuwa nikimtafuta mtu humo, na sikumkuta.

Ni haki yenu kujua hali ya pua mliyoipa kazi hii. Tangu Novemba, Ranald alipofariki, nakula kwa sababu saa imefika na nalala kwa sababu taa imezimwa. Nilikwenda kwa daktari. Alinipangia vichupa vya majaribio, nikavitaja vyote bila kukosea, naye akaniambia pua yangu ni nzima kama ya msichana. Basi natambua kila kitu, na hakuna kinachonifikia. Siwezi kuapa mbele yenu kwamba ubaridi nilioukuta ni wa bilauri na si wangu.

Kwa hiyo sitoi hukumu leo. Naomba sampuli ya pili kutoka kipipa kilekile, ichotwe katikati na si juu. Naomba pia Mwenyekiti anijibu swali moja: ni nani aliyesimama mbele ya mtungi siku ile?

Wenu katika ushirika,
Isbel Galbraith


Sorasa, 9 Machi

Mpendwa shemeji Isbel,

Barua yako niliisoma mbele ya mkutano, neno kwa neno, ukumbi ukiwa umejaa. Nakuletea taarifa kamili kama inavyonipasa.

Ulipotaja pea na uji, watu waliitikia kwa vichwa. Ulipotaja mgeni asiyevua koti, walicheka. Ulipofika mahali ulipoandika kwamba ulimtafuta mtu ukamkosa, mzee Lachlan aliuliza kutoka kiti chake, "Alimtaka nani humo, Mfalme?" Wawili watatu walianza kucheka, kisha wakaacha. Mchungaji akawa anaangalia viatu vyake. Nikalazimika kupendekeza chai.

Kuhusu swali lako: kipipa cha kwanza kilikuwa kazi ya Ranald, na kila mtu hapa anajua hivyo. Mimi nilishika mtungi baadaye, kifua chake kilipomlazimisha kuketi, naye akawa akiniongoza kutoka kitini mpaka mwisho wake. Hili ulilijua.

Sampuli ya pili imo ndani ya sanduku, nimeifungia soksi isivunjike. Nimebandika karatasi yenye namba ya kipipa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mfanyabiashara wa Glasgow ameandika tena. Anataka jibu kabla ya Aprili. Sikuharakishi. Nasema tu kwamba watu wakikutana nami njiani siku hizi hawaniulizi habari za hali ya hewa.

Mke wangu Peigi anakusalimu. Kondoo wameanza kuzaa, na mvua haijakata.

Shemeji yako,
Torquil Darroch


Leith, 14 Machi

Shemeji Torquil,

Hii usiisome mbele ya mkutano.

Sampuli ya pili ni ile ya kwanza. Sina ugomvi nawe kwa hilo. Ila kipipa cha Ranald kilikuwa kidogo. Nilimwona fundi akikiunga, na mtoto wa miaka kumi angeweza kukikumbatia. Chombo kidogo huwahi kuitia pombe rangi ya mbao. Uliyonitumia ina rangi hafifu mno. Imelala katika pipa kubwa, tena lililokwisha kutumika mara nyingi.

Na kuna lile la mkono wa mpikaji. Pombe inapotoka mtungini, mwanzo wake ni mkali usionyweka, na mwisho wake ni mzito unaonuka mbwa aliyelowa. Mtu husimama mbele ya kisanduku cha kioo na kuamua moyo, ile sehemu njema ya katikati, ukatwe kuanzia wapi na uishie wapi. Moshi wa mboji huja mwishoni. Ndiyo maana Ranald aliuacha moyo uende mbali, mbali hata ukakaribia kuharibika, ndipo akafunga. Aliyekata hii alifunga mapema. Ni mtu mwangalifu, aliyeogopa kuharibu kitu kisicho chake. Ranald alikata kwa pua. Huyu amekata kwa saa.

Utajiuliza kwa nini nang'ang'ania, na sitaki ufikiri kwamba ni kiburi cha kazi. Novemba niliendesha gari mpaka bandari ya Oban, nije mazikoni. Nilikuwa na tikiti ya feri. Nilikaa ndani ya gari, kwenye mstari, na gari la mbele yangu lilipoingia melini, sikuwasha langu. Jamaa mmoja wa bandari alinigongea kioo, akasema, "Mama, unakwenda au umekuja kuitazama tu?" Nikamwambia nimekuja kuitazama. Nililala hotelini, na nikafanya vivyo hivyo safari zilizofuata. Sikuwa nalia. Laiti ningekuwa nalia, ningekuelezea vizuri zaidi. Ilikuwa kama kukaa juu ya mkono mpaka ukafa ganzi, kisha kuambiwa uufungue mlango kwa mkono huohuo.

Nilijiambia: si neno, kipo kipipa. Nitamkuta humo. Nitasogeza bilauri puani, na kile ambacho sikukifuata kaburini kitanifikia hapo. Hiyo ndiyo sababu ya pekee iliyonifanya niikubali kazi yenu.

Niambie basi kipo wapi. Kama kilivuja, sema kilivuja.

Isbel


Sorasa, 19 Machi

Dada Isbel,

Torquil hajui kwamba naandika. Akijua atanuna mpaka Pasaka, na wewe unamjua anavyonuna: anakwenda bandani kupanga misumari.

Barua yako ya mwisho aliisoma akiwa amesimama, akaiweka chini ya saa ya ukutani, na tangu hapo hajala chakula cha moto. Nikaisoma. Mimi ni binamu yako kabla sijawa mke wake, kwa hiyo nimejisamehe.

Kipipa hakikuvuja. Kilinywewa.

Ranald alisema mwenyewe, siku mbili tatu kabla ya kufa, mimi nikiwa namnywesha supu. Akasema, "Peigi, msinizike kwa kinywaji cha dukani. Mtanitia aibu kwa majirani." Nikamwuliza majirani gani. Akanionyesha kwa kidevu upande wa makaburini. Nikamwambia kipipa chako hakijatimiza miaka, kimebakiza wiki kadhaa, kwa sheria hicho hakijawa wiski. Akasema, "Na mimi kwa sheria bado sijafa. Tutavumiliana."

Basi tukakifungua. Lakini nisikilize vizuri, dada, maana hapa ndipo Torquil anapokosa usingizi. Hatukukifungua ili tukimalize. Desturi unaijua: tone moja kwa kila anayebeba jeneza, tone moja kaburini, basi. Tulipanga kumzika siku ya boti ya kwanza, uliyosema utakuja nayo. Watu wote walishuka gatini na nguo zao nyeusi. Mvua ilikuwa imelazwa na upepo. Hukuwamo. Mchungaji akasema, tungoje boti ijayo, dada yake ni mmoja tu. Mzee Lachlan akasema, "Wapeni watu kidogo kidogo, binti wa Galbraith asije akatukuta tumeganda kama samaki." Tukawapa. Boti ya pili ikaja, tumesimama palepale, hukuwamo. Tukawapa tena. Boti ya tatu, Nahodha alitikisa kichwa kabla hata kamba haijatupwa. Tukapanda kanisani, tukamchukua, tukamzika. Tuliporudi ghalani kipipa kilikuwa chepesi.

Kisiwa kizima, dada. Hata Mwalimu Mkuu ambaye hanywi. Tumekimaliza tukikungoja wewe.

Bilauri yako tuliiweka kwenye dirisha la jikoni la Ranald. Nilikuwa napita kuitazama. Sikuimwaga, na hakuna aliyeigusa. Ilipungua yenyewe, ikaisha.

Torquil akamwandikia afisa wa ushuru kwamba kimevuja, maana kipipa kikifunguliwa ghalani bila ruhusa ni kesi. Kisha siku yako ya kuonja ikafika. Alikuwa na pipa la pili, alilolipika mwenyewe Januari iliyofuata kipipa cha Ranald, ndiyo kwanza limetimiza miaka. Akabandika namba ya Ranald. Nikamwambia, Torquil, huyu mwanamke ananusa mvua kabla haijatoka Ayalandi, unamdanganya nani? Akasema, "Kazi ya kaka yake ataihurumia. Yangu ataikataa, na kisiwa kitauzwa kwa ajili ya mkono wangu." Kisha akasema, "Tena nitamwambiaje kwamba hakuna kilichobaki?"

Utataka kujua ladha yake ilikuwaje. Sijui maneno yenu ya kitaalamu. Mchungaji alisema ni kama kuingia jikoni kwa mtu aliyetoka nje kidogo tu. Mzee Lachlan alisema inanuka buti za Ranald, na hakuna aliyembishia. Mimi nilihisi moshi, mwishoni kabisa, nilipokwisha kudhani umekwenda.

Nakutumia kizibo cha kipipa. Ndicho kitu pekee nilichoweza kuiba bila Torquil kujua.

Binamu yako,
Peigi


Leith, 25 Machi

Ninyi sita mliolibeba jeneza la Ranald Galbraith, kwanza, ninyi mliosimama gatini kwenye mvua, wanawake kwa wanaume, mzee Lachlan, Nahodha, uliyetikisa kichwa, Mwalimu Mkuu, usiyekunywa ukanywa, Mchungaji, uliyeahirisha maziko, na Mwenyekiti, unayeisoma barua hii kwa sauti yako, nami nakuomba usiruke mstari:

Nimejua kilikokwenda kipipa cha kwanza. Msitafute aliyenieleza. Bilauri ndiyo iliyoanza kunieleza, na aliyemalizia alifanya hivyo kwa upendo.

Mliniteua niwe hakimu wa kitu ambacho ninyi nyote mmekionja na mimi sikukionja. Mlikaa kimya katika ukumbi huo, mkanisikiliza nikieleza habari za pea na uji, hali kila mmoja wenu anakumbuka moshi ulivyokuja mwishoni. Sikulaumuni. Naeleza tu jinsi mambo yalivyo. Kwa sheria, kaka yangu hakuacha hata tone moja la wiski. Alichoacha kilikufa kabla ya kupata jina lake. Na kipimo cha mkono wake hakimo katika pua yangu. Kimo katika vinywa vyenu.

Nililetewa kizibo. Nilikiweka mezani siku nzima bila kukigusa. Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, nilikinusa kwa utaratibu niliofundishwa: mbao, shayiri, chumvi, moshi. Niliviandika vyote. Sikulia, wala sitawadanganya kwamba ganzi imenitoka. Ila nilipotaka kuinywa chai yangu niliikuta imekuwa baridi kabisa, na kizibo kilikuwa bado mkononi.

Baada ya hapo niliirudia sampuli ya Mwenyekiti, safari hii bila kumtafuta mtu mwingine ndani yake. Mara ya kwanza niliwaambia kwamba sikumkuta mtu. Nilikosea, na narekebisha. Mtu yumo. Ni mtu aliyesimama peke yake mbele ya mtungi wa rafiki yake, rafiki huyo akikohoa kitini nyuma yake, akaogopa kwenda mbali kiasi hicho, akafunga mapema. Hofu ile ndiyo niliyoiita ubaridi. Pombe hiyo ni changa, ni safi, na haijaamua itakuwa nini. Kuitia chupani leo ni kuidhulumu. Kumwuzia mfanyabiashara wa Glasgow ni kuitupa.

Basi, kwa mamlaka mliyonipa, na ambayo nayarudisha kwenu mara baada ya mstari wa mwisho wa barua hii, natoa uamuzi.

Pipa la pili lisiuzwe, wala lisifunguliwe. Ifutwe namba ya Ranald, na liandikwe jina la Torquil Darroch, lilale ghalani mpaka wale waliokunywa gatini watakapolinusa na kukubaliana kwamba liko tayari. Hao ndio mahakimu kuanzia leo. Mimi sistahili, katika orodha nzima ya ushirika, ni mimi peke yangu niliyekosa sifa.

Kipipa cha Ranald kisivunjwe kuwa kuni, wala kisiwekwe ofisini kama kumbukumbu. Kijazwe. Torquil ashike mtungi, na saa iondolewe ukutani. Mzee Lachlan asimame upande mmoja na Mchungaji upande mwingine, na moyo utakapofika mbali, Torquil atakapotaka kufunga, wamwambie bado. Watajua ni lini. Walikwisha kuonja.

Afisa wa ushuru aandikiwe kweli, kwamba kipipa hakikuvuja bali kilinywewa mazikoni, na ushuru wake utalipwa na kila aliyeshika bilauri. Barua hiyo ibebe majina ya wanywaji wote, na jina langu liwe la kwanza. Kwa kuwa kilinywewa kwa ajili yangu, na bilauri yangu ilikuwa dirishani.

Nitapanda boti ya Jumamosi. Sina hakika nitahisi nini nikishuka, na huenda nisihisi kitu. Msije gatini kuningoja. Ningojeni penye mtungi, moto wake ukiwa umewashwa.

Wanaokubali wanyooshe mikono. Mwenyekiti, ukimaliza kusoma, weka karatasi chini, nawe unyooshe wako.

Isbel Galbraith